Maji ya Kwanza Yalikuwa ya Nini?

  Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko siku zote. Tafuta chai yako, ukae chini, tusafiri pamoja.

Somo letu ni Mwanzo 26:18-22. Lisome kwanza katika Biblia yako, kisha urudi hapa.

Jumapili iliyopita tulibatiza watu 11. Mmoja wao alikuwa binti wa dada yangu, msichana wa miaka 17. Sitaandika jina lake wala kuweka picha yake, maana bado ni mwanafunzi na ukurasa huu unasomwa na watu wengi. Lakini furaha yangu siwezi kuificha. Alihudhuria darasa la ubatizo kila Jumamosi bila kukosa, na siku nilipowauliza wanafunzi kwa nini wanataka kubatizwa, yeye hakusema kwamba mjomba wake ni pasta. Alisema, "Kwa sababu nimemwamini Yesu mwenyewe, na nataka watu wajue."

Mnaoijua Voi mnajua jinsi maji yalivyo hapa. Mto wetu ukikauka unabaki mchanga mtupu. Birika letu la ubatizo ni la simenti, liko nyuma ya kanisa, na tulilijaza kwa boza la maji tulilolichangia. Tangu Jumamosi jioni mashemasi walikuwa zamu kulilinda, watoto wa mtaa wasije wakaogelea kabla ya watakatifu.

Mama yangu alishuka kutoka milimani, upande wa Wundanyi, kwa matatu ya alfajiri. Mama ni Mwanglikana tangu utoto wake. Yeye ndiye aliyembeba mjukuu huyu kanisani miaka 17 iliyopita, akiwa mchanga ndani ya shali nyeupe, akamwagiwa maji kichwani. Jumapili alikaa mstari wa pili, mkoba magotini. Mjukuu wake alipoibuka majini na kwaya ikapaza sauti, Mama alipiga makofi pamoja na sisi. Alikula pilau, akasalimia kila mtu.

Lakini nilipokuwa namsindikiza stegi akaniuliza, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, haya ya leo nimeyaona, na Mungu ayabariki. Ila mimi ndiye niliyembeba siku ile. Niambie, maji ya kwanza yalikuwa ya nini?"

Wapendwa, nilikosa neno. Nimesoma Chuo cha Biblia. Aya za ubatizo nazijua kwa sura na mstari. Lakini mama yako akikuuliza jambo lililomuuma, humtupii aya kama mtu anayetupa jiwe. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki moja." Wiki imekwisha. Jibu hili ni lake, ila naliandika hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za Taita zina swali hilohilo. Katika boma moja utakuta nyanya ni wa ACK, baba ni Mkatoliki, watoto wako kwetu Wapentekoste, na siku ya ubatizo kuna mtu anayepiga makofi huku moyo umevimba.

Nina jambo la kuungama kwanza. Nilipotoka chuoni, nikiwa kijana mwenye moto mwingi na hekima kidogo, nilihubiri kwamba ubatizo wa watoto ni "kulowesha nywele tu." Watu walicheka. Mama alikuwa amekuja kunisikiliza siku hiyo. Hakusema kitu, wakati ule wala baadaye. Jumapili iliyopita ndipo nilipojua kwamba alikuwa amelisikia.

CHOZI, KABURI NA KITANDA

Sasa turudi nyuma. Kabla injili haijapanda milima yetu ilitua pwani, na ilikuja na machozi.

Mwaka 1843 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la misheni la Kianglikana, CMS, alikuwa safarini Uhabeshi pamoja na mkewe Rosine. Mama huyo alijifungua njiani kabla ya siku zake. Mtoto, msichana, aliishi saa chache tu. Krapf alimbatiza na kumpa jina Eneba, maana yake chozi, kisha wakamzika chini ya mti kando ya njia. Mwaka uliofuata, 1844, walifika Mombasa. Julai ya mwaka huohuo Rosine alikufa kwa homa, na siku chache baadaye kichanga chao kingine cha kike kikafa pia. Krapf alibaki peke yake, mwenyewe akiwa mgonjwa, na kaburi upande wa Nyali.

Mimi Mpentekoste naamini kwamba ubatizo unafuata imani. Mtu asikie, aamini, atubu, kisha abatizwe. Mtoto wa saa chache hajasikia mahubiri. Chuoni ningeandika kurasa tatu kueleza kwa nini tendo la Krapf lilikosea utaratibu. Lakini nenda usimame na baba huyo chini ya mti, mtoto amekwisha kufa mikononi mwake, kisha umsomee kurasa zako tatu! Yule alikuwa mzazi anayemkabidhi mtoto wake kwa Mungu. Na sisi tunapowaita wazazi mbele, tukamwinua mtoto, tukamwekea mikono na kumweka wakfu kama Hana alivyompeleka Samweli, tunafanya nini? Maji hatutumii, lakini moyo wa mzazi ni uleule.

Mwaka 1846 Johannes Rebmann aliungana na Krapf, wakaanza kituo Rabai. Walifundisha, wakatafsiri, wakaugua, wakapona. Waliomkubali Bwana walikuwa wachache mno. Mtu wa kwanza kubatizwa pale aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, mtu ambaye hakuna aliyemhesabu. Hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa ng'ombe. Alibatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani, karibu na kufa.

Tafakari hilo, mpendwa. Matunda ya kwanza ya Rabai yalikuwa mgonjwa anayekata roho. Mtu wa hali hiyo hapelekwi mtoni. Je, tuseme Mringe hakubatizwa kwa sababu maji hayakumfunika? Mimi sithubutu. Mnyang'anyi msalabani hakupata hata tone, na Yesu alimwahidi paradiso siku ileile.

ALIYEPITA KWETU NA MWAVULI

Huyo Rebmann ndiye aliyetufikia sisi. Oktoba 1847 alitembea kutoka Rabai hadi Kasigau, mlima ambao katika maandishi yake unaitwa Kadiaro. Mwaka uliofuata alipita tena Taita akielekea Uchagani, akiongozwa na msafiri mzoefu Bwana Kheri, na mwavuli wake mkononi. Tarehe 11 Mei 1848 aliona Kilimanjaro na theluji yake. Alipoandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi wakubwa walimkejeli. Walimkejeli aliyeona, ilhali wao hawajaona!

Rebmann alikaa huku miaka 29 bila kurudi kwao. Alimzika mtoto, akamzika mke. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, na aliyemsindikiza safari ile ya kurudi alikuwa Isaac Nyondo, kijana Mkristo wa Rabai. Mwaka uliofuata akafa. Ukihesabu ubatizo alioufanya utaona ni mchache. Kuna wachungaji leo wanaobatiza wengi zaidi katika Jumapili moja na kuweka video mtandaoni kabla nguo hazijakauka. Najisema mwenyewe pia.

Sasa simama stegi ya Voi utazame kusini. Mlima ule ni Sagalla. Mwaka 1883 CMS ilimtuma Joseph Alfred Wray akaanze kituo pale. Wenyeji walimpokea kwa tahadhari. Mvua zikakata, na katika mwaka 1884 njaa kali ikaipiga Taita. Watu wakafa, wengine wakatawanyika kutafuta chakula. Wazee wakajiuliza swali ambalo hata wewe ungejiuliza: mvua imekoma tangu huyu mgeni aje, si ni yeye anayeizuia? Ikabidi aondoke kwa muda. Baadaye akarudi. Akajifunza lugha, na mwaka 1894 kikachapishwa kitabu chake cha kufundisha lugha ya Kitaita.

Wakatoliki walianza Bura mwaka 1892. Mwaka huohuo CMS ilihamisha kazi yake ya Moshi ikaileta Taveta, kwa sababu Wajerumani hawakuwataka tena upande wao. Kisha reli ikafika Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 misheni za Mbale na Wusi zikaanza kufundisha watoto kusoma.

Nimewapeleka huko kote ili muone jambo moja. Imani haikutufikia kama maji ya bomba, unafungulia tu. Ililetwa kwa mitungi, kichwani, kupanda mlima, na walioibeba wengine walianguka njiani.

WAZEE WETU NA HASIRA YA NYUMBANI

Waliobatizwa kwanza katika milima yetu walilipa gharama. Walikuwa vijana wengi wao, waliofuata shule. Walifundishwa Amri Kumi, Sala ya Bwana na Imani ya Mitume, wakachunguzwa mwenendo, wakangoja. Wengine walipewa majina mapya, ndiyo maana leo utakuta mzee wa Kitaita ana jina la nabii wa Israeli.

Lakini gharama kubwa ilikuwa nyumbani. Kwa wazee wetu dini haikuwa jambo la mtu mmoja. Kulikuwa na tambiko la kutasa. Mzee alitia kinywani pombe ya miwa au maji, akapuliza matone yake nje huku akitamka maneno ya amani na baraka. Grace Harris, mtafiti aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu juu ya dini hiyo kilichotoka mwaka 1978, na jina lenyewe la kitabu linahusu kutoa hasira. Alichokigundua ni hiki: wazee wetu waliamini kwamba hasira ya ndugu, ikifichwa moyoni, inaleta ugonjwa na balaa katika nyumba. Kwa hiyo ilipasa itolewe. Yale matone yaliyotoka kinywani yalikuwa ishara kwamba mtu ameitapika hasira yake.

Kijana aliyebatizwa alikataa kushiriki matambiko. Kwake ilikuwa utii kwa Kristo. Kwa baba yake ilikuwa kama mtu anayetoboa paa la nyumba mvua ikinyesha: balaa litawapata wote. Nyumba zikagawanyika, baba na mwana wakakaa bila kusemezana. Sisi tunaosherehekea ubatizo kwa keki na picha tusisahau kwamba kuna waliobatizwa wakarudi nyumbani wakakuta hakuna aliyewawekea chakula.

Sisemi turudi kwenye matambiko. Damu ya Yesu inatosha, na hatuna mpatanishi mwingine. Lakini nasema wazee wetu walikuwa wamegusa kweli moja ambayo wengi wetu tuliojazwa Roho tumeisahau: huwezi kutafuta baraka huku umefuga hasira ya ndugu yako. Yesu mwenyewe alifundisha hivyo katika Mathayo 5:23-24. Sadaka yako iache madhabahuni, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Siku hizi katika Kidawida chetu neno hilohilo kutasa limeingia kanisani, tunalitumia kwa kumwabudu Mungu. Laiti tungelibeba pamoja na somo lake la kutoa hasira!

Ndiyo maana wiki moja kabla ya ubatizo nilimpa mpwa wangu kazi. Alikuwa ameniuliza, "Mjomba, nikibatizwa kwenu, nitakuwa nimemkana nyanya?" Nikamwambia, "Mpigie simu umwombe baraka." Akaniuliza, "Akikataa je?" Nikasema, "Hujaambiwa umwombe ruhusa. Umwombe baraka. Ni vitu viwili." Walizungumza karibu saa nzima. Walichoambiana sikukiuliza. Ila ndiyo sababu Mama alipanda matatu ya alfajiri.

MAJI YALIPOKUWA VITA

Mtasema, "Pasta, unalegeza mafundisho?" Hapana. Nasimama nilipokuwa nimesimama. Ukisoma Warumi 6 unaona kuzikwa na kufufuka, na mtu hazikwi kwa kumwagiwa konzi ya udongo. Towashi wa Kushi, Mwafrika mwenzetu, katika Matendo 8 alishuka majini pamoja na Filipo baada ya kulisikia neno. Hivyo ndivyo tunavyofundisha na ndivyo tutakavyoendelea kubatiza.

Lakini historia inaninyenyekeza. Kuna maandishi ya zamani sana ya kanisa yanayoitwa Didache, ya zama za karibu na mitume. Yanaagiza mtu abatizwe katika maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine. Baridi yasipowezekana, ya moto. Na kama hayo yote hayapo, basi maji yamiminwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Wale ndugu walijua kuna nchi zenye ukame. Walikuwa kama wameifikiria Voi!

Kisha linganisha na Zurich, Uswisi. Mwaka 1525 kikundi cha waamini walianza kubatizana wakiwa watu wazima, wakisema ubatizo unafuata imani, kama tunavyosema sisi. Watawala wa mji, Wakristo waliobatizwa utotoni, walikataza jambo hilo kwa adhabu ya kifo. Tarehe 5 Januari 1527 walimfunga kamba Felix Manz na kumzamisha katika mto Limmat mpaka akafa, kwa kosa la ubatizo. Maji yaliyowekwa na Bwana kuwa ishara ya uzima yakawa chombo cha kuua ndugu.

Nilipokuwa kijana nilimhubiri Felix Manz kama shujaa wa upande wetu. Bado naamini alikuwa shujaa. Lakini siku hizi nauliza swali jingine: mimi na ulimi wangu nimewahi kumzamisha nani? Nilipowachekesha watu juu ya "kulowesha nywele," mama mmoja mjane aliyekaa kimya kanisani alizama kidogo, nami sikuona.

Kingine ni kwamba sisi Wapentekoste tusijifanye tumejizaa. Mama yangu aliokoka katika ushirika wa ndugu wa Uamsho, ule moto uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama dhambi hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba, wakaimba Tukutendereza. Wengi wao hawakuhama makanisa yao wala hawakubatizwa tena. Waliokoka, wakabaki Waanglikana, wakawa chumvi pale walipo. Katika magoti ya watu hao ndipo wengi wetu tulipojifunza kuomba. Na milima hii ilimtoa Peter Mwang'ombe, Mtaita aliyekuwa askofu wa Mombasa katika miaka ya 1960, hata kabla hatujawa na dayosisi yetu ya Taita Taveta, iliyoanzishwa mwaka 1993. Sikuokoka kwa sababu Wapentekoste walinikuta gizani bila mwanga wowote. Niliokoka katika nyumba ambayo taa ilikuwa imeshawashwa. Mafuta ya taa hiyo Mama aliyanunua.

VISIMA VYA BABA

Sasa turudi Mwanzo 26. Ibrahimu alikuwa amechimba visima. Alipokufa, Wafilisti wakavifukia kwa udongo. Isaka alipofika bonde la Gerari, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvichimbua tena, na hakuvipa majina mapya. Aliviita kwa majina yaleyale aliyoyatoa baba yake. Kisha akaendelea kuchimba vyake. Viwili vya kwanza viligombaniwa, akasonga mbele. Cha tatu hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, kwa kuwa Mungu alikuwa amewapa nafasi.

Ona mambo mawili. Isaka alichimba kisima chake mwenyewe. Hakuishi kwa maji ya baba yake tu. Kila kizazi lazima kichimbe. Kijana, imani ya nyanya yako haitakupeleka mbinguni. Lakini Isaka hakuanza na kisima chake. Alianza kwa kuheshimu vya baba. Na waliovifukia walikuwa Wafilisti, hawakuwa watoto wa Ibrahimu!

Wapendwa, kila tunapodharau imani ya wazee wetu tunashika jembe la Wafilisti. Tunatupa udongo ndani ya maji tuliyoyanywa.

Mama, hili ndilo jibu langu.

Yale maji ya kwanza yalikuwa maombi yako. Siku ile mjukuu wako hakuwa na la kusema, nawe ukasema kwa niaba yake. Uliahidi mbele za Mungu kwamba mtoto huyu atafundishwa njia ya Bwana. Ukatimiza. Likizo zote alizokaa kwako ulimwamsha kuomba. Ulimfundisha Zaburi kabla hajajua kusoma vizuri. Jumapili iliyopita, alipojibu kwa kinywa chake kwamba anamwamini Yesu Kristo, alikuwa analijibu lile uliloliomba miaka 17 iliyopita. Mimi naita tendo la Jumapili ubatizo wake, na najua wewe unaita la kwanza ubatizo wake. Hapo tunatofautiana, na pengine tutatofautiana mpaka Bwana arudi atuambie. Lakini maji ya kwanza hayakumwagika bure. Bila hayo ya kwanza, sioni jinsi ambavyo angefika kwenye haya ya pili.

Na kwa lile neno nililolisema madhabahuni miaka ile, nisamehe. Nililisema hadharani, naliondoa hadharani.

Kwa mpwa wangu: umezikwa na Kristo, umefufuka naye. Shetani atakukuta shuleni na kwenye simu yako, wala hatajali ulibatizwa kwa maji kiasi gani. Ataangalia kama unaomba. Basi omba. Na ukienda likizo milimani, muombe nyanya akusimulie alivyookoka. Andika kwenye daftari. Siku moja utahitaji kujua jina la kisima hicho.

Kwa wazazi wenye watoto watakaobatizwa mwezi wa 12: kabla ya kununua kanzu nyeupe, ulizeni nyumbani nani ameumizwa na hatua hii, mkaketi naye.

Na kwa wachungaji wenzangu: tufundishe kweli bila kuchekesha watu kwa machozi ya wazazi wao.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyeshuka Yordani ingawa hukuwa na dhambi, tunakushukuru kwa wote waliotuletea maji ya uzima, tunaowajua na tusiowajua. Wabariki akina mama na nyanya wa Taita waliotubeba mbele zako. Toa hasira mioyoni mwetu. Lisha imani ya hawa 11, wasimame mpaka mwisho. Katika jina lako tumeomba. Amina.

Kama nyanya yako bado yu hai, usiandike "Amina" hapa kwanza. Mpigie simu. Ukirudi utaikuta nafasi.

Mubarikiwe sana. Tukutane Jumatano kwenye ibada ya maombi, saa kumi na moja jioni.